Pishi ya karafuu, unga wa chapati na udongo wa Mwezi

Wiki iliyopita baada ya Isha nilikuwa jikoni nachekecha unga wa chapati, mtoto wa kaka yangu akaingia na simu mkononi. Yuko kidato cha pili. Akija jikoni saa hizo huwa anatafuta cha kutia mdomoni, lakini safari hii alikuja na picha. Ni ile alama ya kiatu cha mwanaanga Buzz Aldrin kwenye udongo wa Mwezi, Julai 1969, mistari ya soli imekaa kama imechongwa kwa kisu.

"Shangazi, kule Mwezini si hakuna maji?"

"Hakuna maji ya kulowesha udongo pale walipokanyaga."

"Basi hii alama imesimama vipi? Sisi pwani ukikanyaga mchanga mkavu inajifukia hapo hapo. Mpaka ukanyage palipolowa ndiyo inakaa."

Wenzake skuli wameshaambiana kwamba hiyo ndiyo dalili ya picha ya uongo. Mimi sikuudhika hata kidogo. Kijana aliyeutizama mchanga wa Jambiani kwa makini mpaka akajua kwamba mkavu haushiki alama na uliolowa unashika, huyo ameshaanza kazi yangu bila kujua. Nikazima jiko, nikamwambia alete sahani tatu.

Sahani ya kwanza nikamimina mchele. Ya pili mchanga mkavu wa pwani, maana nina chupa yake dirishani siku zote. Ya tatu unga. Nikampa kizibo cha chupa ya soda, upande wa meno, nikamwambia abonyeze mara moja kila sahani kisha akinyanyue polepole. Kwenye mchele palibaki kishimo kisicho na sura. Kwenye mchanga palibaki bonde la duara, kingo zake zimeporomoka, meno hayaonekani. Kwenye unga meno yote yalikuwepo, moja moja. Akainama na tochi ya simu akayahesabu: 21.

"Unga una maji?" nikamuuliza.

Akaushika, akasugua vidole. "Mkavu."

(Kwa haki ya jambo lenyewe: unga wa dukani una unyevunyevu wake ndani ya chembe, hata kama mkono hauusikii. Ndiyo maana kesho yake nilirudia kazini kwa saruji kavu iliyotoka kwenye mfuko muda huo huo. Meno yalitoka vile vile, tena makali zaidi.)

Ninafanya kazi kwenye maabara ya udongo, upande wa barabara, mwaka wa 19 sasa. Nimezaliwa Wingwi, Pemba, ambako udongo haukuachi uusahau: mvua ya masika ikinyesha unatoka nyumbani na viatu viwili, unafika na kilo mbili kila mguu. Kazi yangu kila siku ni kuulizwa na wahandisi kama udongo fulani utabeba. Na jibu langu la kwanza, kabla sijapima kitu, huwa ni kwamba udongo hauna nguvu yake moja iliyoandikwa kwenye paji la uso. Inategemea umefungamana kiasi gani, chembe zake zina umbo gani, una maji au hauna, na unakandamizwa na nini.

Udongo wowote unashikilia kwa njia mbili. Kuna msuguano, yaani chembe zinakwaruzana na kukwamana, na kadiri unavyozikandamiza ndivyo zinavyozidi kukataa kuteleza. Na kuna mshikamano, yaani chembe zinashikana zenyewe hata pasipo mkandamizo wowote. Coulomb, Mfaransa aliyekuwa mhandisi wa jeshi, aliyaweka mawili haya pamoja kwenye insha iliyochapishwa 1776, na mpaka leo ninapofungua kisanduku cha kukatia udongo asubuhi, kile kinachousukuma udongo mpaka nusu ya juu iteleze juu ya nusu ya chini, ninachokitafuta ni namba zake mbili. Mchanga mkavu wa pwani una msuguano tu. Ukilowa kidogo, maji yanajibana kati ya chembe na chembe na kuzivuta pamoja, na hapo unapata mshikamano wa kuazima. Jua likipiga, deni linarudishwa. Na bahari ikiufunika kabisa, deni linarudishwa vile vile, maana maji yakijaa kote hakuna tena kingo za kuvuta.

Sasa udongo wa Mwezi hauazimi kitu kwa maji. Una mshikamano wake, mdogo sana, kati ya kilopaskali 0.1 na 1. Kilopaskali 1 ni kiasi cha mkandamizo wa maji ya kina cha sentimita 10 chini ya ndoo, si zaidi. Lakini kwa unyayo inatosha, na inatosha kwa sababu tatu ambazo nilimwonyesha kijana pale pale. Kwanza ni laini: ukubwa wa kati wa chembe zake ni kama sehemu 70 za milioni ya mita, vumbi hasa, na vitu vidogo hushikana kirahisi kuliko vikubwa, kama unga mbele ya mchele. Pili, chembe zake ni kali. Hapana upepo wa kuzisugua wala mawimbi ya kuzilainisha. Vimondo vidogo vidogo vinaupiga uso ule miaka nenda miaka rudi, vinavunja, vinayeyusha, na kioo kinachoyeyuka kinagandisha mavumbi jirani kuwa vijidonge vyenye pembe, matundu na mikono. Tatu, kule kila kitu kina uzito wa sehemu moja ya sita ya huku. Ukuta mdogo wa udongo unaanguka kwa uzito wake wenyewe, basi mshikamano ule ule unaoweza kushikilia ukuta wa urefu fulani hapa Fuoni, Mwezini unashikilia wa mara sita.

Hiyo ya pili, ya umbo, sikuhitaji kitabu kuielewa. Niliielewa kwenye jamvi la karafuu.

Aliyekulia Pemba anajua lundo la karafuu linavyokaa. Karafuu ina kichwa na mkia, na kichwani ina vijimeno vinne. Ukimimina mchele unatambaa na kulala. Ukimimina karafuu zinapanda juu, zinashikana kichwa na mkia, na ukichota ubavuni kwa mkono shimo linabaki limesimama, halifukiki. Sisi watoto tulikuwa tukichimba mapango kwenye lundo mpaka tukafukuzwa. Hakuna tone la gundi mle, ni umbo tu linalofanya kazi. Nikisoma kwamba pembe ya msuguano ya udongo wa Mwezi (ikiwa kubwa, chembe zinakataa zaidi kuteleza) inakwenda kati ya nyuzi 30 na 50, ilhali mchanga wa mto ulioviringika haufiki huko juu, mimi naona jamvi la marehemu babu.

Na jamvi hilo hilo lilinifundisha msongamano. Wachumaji wetu walilipwa kwa pishi. Mtoto akileta karafuu zake anamimina taratibu sana, pishi inajaa haraka, anatabasamu. Mpokeaji mjuzi anaigonga pishi mara mbili tatu chini, karafuu zinashuka vidole viwili, inabidi uongeze. Karafuu ni zile zile. Nani amedhulumu? Hakuna, ni kwamba kitu cha punje kina ujazo zaidi ya mmoja, na mtu anayekwambia "udongo huu una uzito kadha kwa lita" bila kukwambia umegongwa au umemiminwa hajakwambia chochote.

Mwezi umegongwa. Vimondo vile vile vinavyotimua uso wa juu vinautikisa ulio chini yake, na umetikiswa kwa mamilioni ya miaka. Sentimita 15 za juu zina kama gramu 1.5 kwa kila sentimita ya ujazo; ukifika kina cha sentimita 30 hadi 60 inakuwa zaidi ya 1.7, na pale udongo umefungamana karibu na mwisho wa uwezo wake wa kufungamana. Mashine zetu za kushindilia barabara zingeona fahari kuufikisha hapo. Ndiyo maana wanaanga wa Apollo, zile safari za Wamarekani za Mwezini, walizama sentimita chache tu za vumbi, kisha walipotaka kupigilia mirija ya kuchukulia sampuli walikuta ukuta. Apollo 15, mwaka 1971, David Scott alihangaika na mashine ya kutobolea mpaka mikono ikamuuma. Juu unga, chini jabali, na ni udongo mmoja.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumzia udongo wa badala, kwa sababu ndiyo sehemu inayonigusa.

Safari sita za Apollo zilizotua, kati ya 1969 na 1972, zilirudi na kilo 382 za mawe na udongo kwa jumla. Huwezi kuzimwaga sakafuni ukaendeshea gari la majaribio. Kwa hiyo mwenye kutengeneza gurudumu, mwenye kutengeneza beleshi, mwenye kutengeneza kiatu, wote wanahitaji kitu kingine cha hapa duniani kisimame badala yake. Ni kitu gani? Mimi nilijibiwa swali hilo kwa aibu, mwaka wangu wa pili kazini.

Tulikuwa tunapima tabaka la barabara ya kijijini, kaskazini Unguja. Kipimo ni rahisi kukieleza: unachimba kishimo cha duara kwenye tabaka lililoshindiliwa, unapima uzito wa udongo uliotoka, kisha unajaza kishimo kwa mchanga maalumu ambao unajua uzito wake kwa kila lita. Ukijua uzito wa mchanga ulioingia unajua ukubwa wa kishimo, na ukijua ukubwa wa kishimo unajua udongo ule umeshindiliwa kiasi gani. Siku ile mchanga wa kupimia ulikuwa umekwisha na mfuko mpya haujafika. Nikaenda pwani, nikachota mchanga safi mweupe, nikauosha, nikaukausha kwenye oveni, nikaupitisha kwenye chekeche zile zile mpaka ukubwa wa chembe ukawa sawa kabisa na ule wa mfukoni. Nilijiona nimefanya kazi ya maana.

Udongo uliotoka kishimoni, baada ya kukaushwa, ulikuwa kilo 3.4. Mchanga wangu ulioingia, kilo 2.4. Nikagawa kwa ile namba ya zamani ya mchanga wa mfukoni, 1.45, nikaendelea na hesabu, likatoka jibu kwamba tabaka lile limeshindiliwa kwa asilimia 114 ya kiwango cha juu cha maabara. Nikampelekea maalim wangu, mzee aliyekuwa ameanza kazi ile kabla sijazaliwa. Akaitizama karatasi muda mrefu.

"Mwanangu, namba hii haipo. Rudi kaitafute ulipoipotezea."

Nilirudi nikaumimina mchanga wangu wa pwani kwenye kopo la kusawazishia, nikaupima. 1.20. Nikamimina tena, 1.24. Mara ya tatu, 1.17. Ule wa mfukoni ukiumimina mara kumi unakupa namba ile ile mara kumi, ndiyo kazi yake. Maalim akaniletea lenzi. Nikainama mezani, na kwa mara ya kwanza maishani nikauona mchanga niliokuwa nikiukanyaga. Hauna punje. Una vijisahani, vijineli, vipande vya kombe vilivyopinda, miiba, matawi ya matumbawe yenye matundu, vitu mfano wa nyota. Kila kimoja kimeacha uwazi ubavuni mwake na kingine ndani ya tumbo lake. Kwa namba sahihi, 1.20, kishimo kilikuwa lita 2 na tabaka lilikuwa asilimia 94. Lilihitaji 95. Lilirudiwa kushindiliwa, na kama yule mzee angekuwa mvivu siku ile lingepita, na mvua ya kwanza ingelikuta vile.

Mchanga wangu ulikuwa badala nzuri kwa ukubwa wa chembe. Ulinidanganya kwa umbo. Tangu siku ile nikiambiwa "hiki ni badala ya kile" ninauliza: badala kwa kazi gani?

Na ninapofuatilia mambo ya udongo wa sayari, naona wenzetu waliofanikiwa ni wale waliouliza hivyo hivyo. Kuna udongo wa badala uitwao JSC-1, wa miaka ya 1990, uliotokana na majivu ya volkano ya Merriam Crater karibu na Flagstaff, Arizona. Una kioo kingi cha volkano na kemia yake inakaribia tambarare nyeusi za Mwezi. Wahindi, walipokuwa wanajiandaa na chombo chao cha kutua kwenye nyanda nyeupe za Mwezi, walichimba anothositi, aina ya mwamba inayofanana na ule wa nyanda hizo, huko Sittampundi, Tamil Nadu, wakausaga kwa ukubwa walioutaka wakajaribia magurudumu. Na 23 Agosti 2023 Chandrayaan-3 ikatua. Kwa udongo wa Mirihi kulitumika majivu ya kilima cha volkano huko Hawaii. Visiwa vyetu havina volkano, ni matumbawe, chokaa, mchanga na kinamo, kwa hiyo vitu hivi navisoma kwa hamu ya mtu asiye navyo.

Lakini ninaoupenda zaidi ni GRC-1, kwa sababu hauna uhusiano wowote na jiwe la Mwezi. Ni michanga ya kawaida ya silika, ya kununua, iliyochanganywa kwa vipimo na kituo cha NASA cha Ohio kwa ajili ya kujaribia magurudumu. Kemia yake si ya Mwezi hata chembe. Walichokiiga ni jinsi udongo unavyobonyea chini ya gurudumu na jinsi unavyokatika gurudumu likisukuma, basi. Gurudumu halionji kemia.

Mfano mwingine wa akili hiyo ni Spirit. Gari hilo dogo la NASA lilikwama Mirihi mwaka 2009, mahali walipopaita Troy, lilipovunja ganda la juu na kuzama kwenye mchanga laini kama unga. Huku duniani, California, wakatengeneza sanduku la majaribio na kulijaza mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi uliosagwa na unga wa mabaki ya vijimea vya majini. Ukimwonyesha mtaalamu wa mawe atakwambia hakuna sayari yenye udongo huo. Lakini ulizamisha gari kama Mirihi ilivyolizamisha, na hilo ndilo walilokuwa wakilihitaji. Spirit halikutoka, na mwaka uliofuata likanyamaza. Sidhani kosa lilikuwa la sanduku.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna sanduku linaweza kukiiga, na watu hukipita haraka. Gari la majaribio unaweza kulipunguza uzito. Lile la kujaribia Curiosity, gari jingine la NASA la Mirihi, wanaloliita Scarecrow, limenyimwa ubongo na vitu vingine ili hapa duniani liwe na uzito ule ambao Curiosity analo Mirihi. Vizuri. Lakini mchanga ulio chini yake bado una uzito wa dunia. Kila punje imekandamizwa na ya juu yake kwa nguvu ya hapa, na msuguano, kama nilivyosema, unatokana na mkandamizo. Kwa hiyo mchanga wa Mirihi ungeweza kuwa mlegevu zaidi kuliko ule wa sanduku hata kama punje ni zile zile. Huwezi kuikondesha ardhi. Watu wanapandisha masanduku kwenye ndege zinazojiachia angani, wanayaangusha kutoka kwenye minara, ili wapate sekunde chache za mchanga mwepesi. Sekunde chache, lakini mimi ningezipenda.

Mwaka jana niliomba ruhusa nikatumia kisanduku cha kukatia baada ya saa za kazi, nikauweka mchanga wa Jambiani ulioshindiliwa upande mmoja wa daftari na mchanga wa shimo, ule wa kujengea, upande wa pili. Wa kujengea ulinipa pembe ya nyuzi 33. Wa Jambiani, 40. Karafuu kabisa. Nikafurahi, nikaongeza mzigo, nikaongeza tena, na hapo sikio langu likasikia kitu ambacho kwenye mchanga wa kujengea halisikii: mchakacho mwepesi, kama mtu anatembea juu ya maganda ya mayai chumba cha pili. Nilipoutoa na kuupitisha tena kwenye chekeche, vumbi lililofika kwenye sahani ya chini lilikuwa zaidi ya lile la mwanzo. Punje zilikuwa zinavunjika. Nyota na neli zile zinashikana kwa nguvu mpaka zinapozidiwa, kisha zinasalimu amri. Huko pwani ya magharibi ya Australia, walipokuwa wakipigilia nguzo za jukwaa la gesi kwenye mchanga wa chokaa wa aina hii miaka ya 1980, nguzo zilishuka zenyewe kwa uzito wake, mchanga haukuzishika.

Basi mchanga wetu unaweza kusimama badala ya udongo wa Mwezi? Kwa mzigo mwepesi, kumwonyesha mwanafunzi jinsi chembe zenye pembe na matundu zinavyokwamana, naam, tena vizuri. Kwa kutaka kujua vumbi litakwangua vipi bawaba na vioo vya kofia, hapana. Punje ya chokaa ni laini, punje ya Mwezi inakata.

Nimemsimulia kijana haya yote kwa kifupi kuliko nilivyoandika hapa, naye akaniletea swali la pili, ambalo ndilo lililochelewesha chapati. Kwenye simu alikuwa amesoma habari za fuko. Fuko la Mirihi, lililopewa jina la yule mnyama mchimbaji: kijiti cha chuma cha sentimita 40 hivi, kazi ya Wajerumani, kilichokwenda na chombo cha InSight kilichotua 26 Novemba 2018. Kilikuwa na nyundo ndani yake. Kilitakiwa kijipigilie chenyewe mpaka mita 5 kipime joto la sayari. Kikapiga, kikapiga, wakakisaidia kwa kukikandamiza kwa mkono wa chombo, na Januari 2021, baada ya karibu miaka miwili, wakaacha, kichwa chake kikiwa kimezama sentimita 2 au 3 tu chini ya uso.

"Si ulisema udongo unaoshika alama ndio mzuri?" akauliza.

Sikusema hivyo, lakini naelewa kwa nini alisikia hivyo. Nikamkumbusha mama yetu mdogo wa Jambiani, analima mwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maji yakitoka anaingia na pegi zake, vijiti vya mti vilivyochongwa ncha, anazipanda mchangani na kufunga kamba kati yake. Anapopigilia anakitikisa kijiti kidogo kidogo, mchanga uliojaa maji unalegea, unakizunguka, unaanguka pembeni mwake, kisha unatulia na kukibana. Baada ya hapo hukitoi kwa mkono mmoja. Lakini anazijua sehemu ambazo hapandi kabisa, palipo na tope gumu la chokaa chini. Pale ukitikisa kijiti tundu linapanuka na linabaki wazi. Kijiti kinacheza ndani yake kama jino linalotaka kung'oka.

Fuko lilikutana na hiyo ya pili. Kila nyundo inapopiga mbele inarudisha nguvu nyuma, na kitu pekee cha kulizuia fuko lisiruke juu ni msuguano wa udongo ubavuni mwake. Lilitengenezwa kwa ajili ya mchanga unaoporomoka na kulikumbatia. Lilikuta chini yake tabaka lenye mshikamano, ganda, na kila lilipotikisika tundu likapanuka na kubaki limesimama wima, zuri kabisa, kama alama ya kiatu. Liliponzwa na sifa ile ile iliyomstaajabisha kijana kwenye picha.

Aliniangalia kama ninamtania. Nikachukua chupa mbili tupu za maji za nusu lita. Moja tukaijaza mchele, tukaigonga gonga mezani mpaka ukashuka, tukaongeza, kama pishi ya karafuu. Nyingine tukaijaza unga, tukaushindilia kwa kidole. Nikampa mpini wa mwiko, nikamwambia autie kwenye unga, autikise, auinue. Ulitoka mtupu, na tundu lake likabaki limekodoa macho. Kisha kwenye mchele: akausukuma ndani, akautoa, akausukuma tena, mara tano, mara sita, kila mara mzito zaidi, mpaka mara ya saba ukakataa kutoka. Akainua mwiko. Chupa nzima ikainuka nao.

Mchele ule ule ulioshindwa kushika hata jino moja la kizibo.

Akauzungusha mwiko hewani, chupa inaning'inia, punje hazitikisiki. Akatoka nayo hivyo hivyo barazani kumwonyesha bibi yake, nikasikia bibi anasema, "Ee, umeutia gundi?" Aliporudi alikuwa ameshaiona ile chupa ya dirishani.

"Na mchanga wa Jambiani, Shangazi? Huo utashika kipi?"

Nikamwambia aulize chupa. Akatafuta chupa ya tatu.